Marahaba Niliyoitikia

Nilizaliwa mwaka 1970, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi yangu mzaa mama hakujua kwamba mwaka ule ulikuwa na jina. Alijua tu kwamba ndio mwaka binti yake alipojifungua mtoto wa kiume, katika kijiji kilicho jirani na Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru. Ninalianza jambo hili kwa mbali kwa sababu vijana wanaopenda mashairi hunijia mara kwa mara hapa Unguja wakaniuliza nilisomea wapi utunzi na tafsiri, nami huwajibu kwamba sikusoma popote pa kutajika. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nilisoma katika darasa moja ambalo mwalimu wake nilikuwa mimi mwenyewe, na ada ya somo nililolipata humo aliilipa mtu mwingine.

Msomaji wa visiwani huenda analijua jina la Mzumbe kwa sababu ya chuo kikuu chake. Ukitoka mjini Morogoro ukashika barabara kuu ya kwenda Iringa, milima ikiwa mkono wako wa kushoto, hutembei mwendo mrefu kabla ya kufika. Serikali ya kikoloni ilianzisha hapo, mwaka 1953, chuo cha kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu Mzumbe. Kando yake ipo shule ya sekondari ya wavulana, ambayo kuchaguliwa kwenda huko ilikuwa sifa ya ukoo mzima. Kwa hiyo sisi watoto wa vijiji vya pembeni tulikua tukiamini kwamba elimu ina mahali inapokaa. Ina lango na mlinzi, ina majani yaliyokatwa vizuri, na wenyewe huja na magari. Mama alipika katika jiko la watu hao. Jioni alirudi na ukoko wa wali, na habari za wageni waliotoka kila mkoa kuja kujifunza namna ya kuongoza.

Lakini palikuwapo na elimu nyingine, isiyokuwa na lango. Mwalimu Nyerere alikuwa amesema tangu miaka ya mwanzo ya uhuru kwamba taifa haliwezi kuwangoja watoto wakue ndipo liendelee. Lazima wazazi wao wafunzwe kwanza. Zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971, mojawapo ikiwa ni Mafia, kisiwa jirani yetu. Kisha kampeni ikaenezwa nchi nzima hadi mwaka 1975. Mwaka 1973 redio ikawaita watu katika kampeni ya Mtu ni Afya, na inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza, wakijadiliana, kisha wakichimba vyoo na kufyeka vichaka. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba asilimia 90 wanajua. Mtu anaweza kubishana na hesabu hizo, lakini hawezi kukana kwamba nchi maskini iliazimia jambo kubwa ikalitenda.

Na nani aliyelitenda? Hapo ndipo pananihusu. Walimu wa kazi hiyo hawakuwa wakitosha, wala hawangetosha. Mzigo ulibebwa na waalimu wa kujitolea, na wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wasiochaguliwa kuendelea, waliopewa chaki, kitabu cha kiongozi na posho dogo ambalo mara nyingine lilichelewa mpaka likasahauliwa. Leo tunazungumza juu ya programu za vijana kana kwamba ni jambo lililoletwa juzi na wafadhili. Ukweli ni kwamba elimu ya watu wazima ya Tanzania, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kazi ya vijana waliowafundisha wazazi wao.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1984. Jina langu halikutoka. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka kumi na mitano, katibu wa kijiji aliniita akanikabidhi darasa la kisomo lililokutana mara tatu kwa juma, saa kumi alasiri, chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya ofisi ya chama. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, wanawake wakiwa wengi. Watu wenye kejeli waliwaita ngumbaru, neno ambalo lilianza kama jina la elimu hiyo likaishia kuwa tusi la mtu mzima asiyejua kitu. Katika hao ishirini na wawili alikuwamo bibi yangu.

Siku ya kwanza, nilipofika mbele ya ubao, mzee mmoja aliyewahi kupita darasa la pili aliwaamuru wenzake wasimame. Wakasimama wote. Wakasema kwa sauti moja: “Shikamoo, mwalimu.”

Msomaji wangu, wewe na mimi tumelelewa katika adabu moja. Mkubwa haamkii mdogo. Mtoto ndiye anayekwenda chini ya miguu ya mkubwa wake, naye mkubwa humwinua kwa marahaba. Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Ningeweza kusema, “Hapana, wazee wangu, kaeni, mimi ndiye wa kuwaamkia.” Darasa zima lilikuwa likiningoja, na bibi yangu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameniita mume wake kwa utani na kunituma maji, alikuwa amesimama akinitazama kwa fahari. Mimi nikasema: “Marahaba. Kaeni.”

Nimetafsiri vitabu kadhaa maishani mwangu, nami najua kwamba kuna maneno ambayo ukikosea kuyapanga, sura nzima inapinda. Marahaba ile ilikuwa neno la namna hiyo. Kila nilichokifanya baadaye katika darasa lile kilitoka humo.

Ilikuwa miezi ya uchaguzi. Mwalimu Nyerere alikuwa anang'atuka, na mgombea wa urais alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyetoka huku visiwani. Ilikuwa pia miaka ya dhiki: sabuni kwa foleni, sukari kwa bahati, na unga wa yanga uliotoka ng'ambo, ambao wengi waliula huku wakiulaumu. Mimi, kwa kutaka kuonekana mwalimu wa mambo makubwa, niliacha sentensi za kitabuni nikaandika ubaoni yangu mwenyewe: *Kura ni haki.* Nikamwita bibi asome.

Alitembeza kidole hewani, herufi baada ya herufi, kama nilivyowafunza. Kisha akasoma kwa sauti iliyo wazi: “Kula ni haki.”

Kwetu Uluguru wazee hawaitengi sana *ra* na *la*. Hata jina la milima yenyewe hulitamka kwa *la* mbili. Nililijua hilo tangu kuzaliwa. Lakini nilicheka. Nikageukia darasa nikarudia alivyosema, kwa sauti yake, nikiigiza mtikisiko wa kidole chake, na darasa likacheka pamoja nami kwa sababu mwalimu amecheka. Bibi aliweka kipande cha chaki juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akasema, “Haya, mwalimu.” Hakurudi tena chini ya mwembe ule.

Nyumbani hakunibadilikia. Aliendelea kunipakulia na kunitania. Nikajidanganya kwamba amechoka tu, umri umekwenda. Hata siku moja sikumwendea kumwomba radhi, kwa kuwa sikujua, au sikutaka kujua, kwamba kuna la kuombewa radhi.

Mwaka 1987 niliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Miezi michache baadaye alikuja mtu, ambaye jina lake nitaliacha alikokwenda nalo, akaomba kukodi kishamba cha migomba cha bibi kando ya kijito kwa misimu miwili. Alilipa fedha kidogo taslimu, akaleta karatasi iliyokwisha kuandikwa. Bibi akapiga dole gumba. Misimu miwili ilipopita akaambiwa karatasi ile haikuwa ya kukodisha. Ilikuwa ya mauziano, na mashahidi wawili walikuwa wametia saini.

Ili uelewe uzito wake, inafaa ujue kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi hufuata njia hiyo hiyo. Kishamba kile hakikuwa chake peke yake. Alikishika kwa niaba ya lukolo, ukoo wa mama zake waliokwisha kufa na wajukuu ambao hawajazaliwa. Kwa dole moja alionekana ameuza kisichouzika. Wajomba walimfokea. Baraza la wazee lilikaa mara tatu, na kila mara karatasi ikashinda, kwa kuwa karatasi haisahau wala haina haya.

Nilipomuuliza kwa nini hakumpelekea mtu yeyote akamsomea, alinyamaza kidogo. Kisha akanijibu pasipo hasira: “Ningempelekea nani, mjukuu wangu? Anayejua kusoma hucheka.”

Alifariki mwaka 1996. Wakati huo nilikuwa nimehamia Unguja, nikifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na usiku nikijisomea kwa kamusi. Huku nilikuta neno *kisomo* lina maana niliyokuwa siitilii maanani kule kwetu: watu hukusanyika, wakamsomea marehemu, wakamwombea. Nilimfanyia bibi kisomo katika chumba changu cha kupanga, pamoja na majirani saba ambao hawakupata kumjua. Nilipokuwa nimekaa pale mkekani nilitambua kwamba hicho ndicho kisomo pekee nilichomwendesha mpaka mwisho.

Baada ya hapo nilianza kutafuta kwa vitabu jambo nililolikosa kwa moyo. Nilimsoma Paulo Freire, Mbrazili aliyewafundisha wakulima kusoma, ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970, mwaka wangu, na ambaye alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka hiyo akazungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Yeye asema kwamba mwalimu anayemwona mwanafunzi kama debe tupu la kujazwa humkandamiza hata akiwa na nia njema, na kwamba kusoma neno huanza kwa kuisoma dunia unayoishi. Nilijaribu kuitafsiri sura moja kwa ajili ya wenzangu wachache wa barazani, nikakwama siku nyingi kwenye neno lake kuu, lile linalotaja hali ya mtu kuanza kuuona uonevu anaoishi ndani yake. *Kuamsha* halikunitosheleza, maana anayeamshwa huwa amelala, na bibi yangu hakuwa amelala. Mwishowe nilichukua *kufumbua*. Kiswahili hutumia kitenzi hicho kwa macho na hutumia hicho hicho kwa fumbo. Mtu hufumbua macho, naye hufumbua fumbo, na vyote viwili hakuna anayeweza kumfanyia mwenziwe.

Hapo nikaiona maana ya “Kula ni haki.” Bibi alikuwa amesoma dunia. Katika mwaka wa foleni na unga wa yanga, alipoambiwa kuna kitu ni haki, macho yake yalikwenda penye haki aliyoikosa. Mwalimu mwenye akili angeliiacha sentensi ile ubaoni chini ya yangu, akauliza: “Kati ya hizi mbili, ipi huizaa mwenziwe?” Darasa lingekaa mpaka magharibi. Mimi nilicheka.

Uchungu wangu ni kwamba njia hiyo haikuwa mbali nami. Katika miaka ile ile Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakienda vijijini na sanaa za maonyesho: Malya mkoani Mwanza, kisha Msoga mkoani Pwani, na mwaka 1986 Mkambalani, upande wa pili wa mji wetu wa Morogoro. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kutungwa. Walianza kwa kuuliza na kusikiliza, kisha wanakijiji wenyewe, vijana na wazee, waliyageuza matatizo yao kuwa ngoma, ngonjera na maigizo, na baada ya maonyesho watu walibaki kujadiliana. Kijana mwenye sauti alipata mahali pa kuitumia, na mzee mwenye kumbukumbu alihitajiwa. Mwaka 1993, mjini Morogoro hapo hapo, wakulima wadogo waliunda mtandao wao, MVIWATA, wakachagua kauli isemayo kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Katika kauli hiyo sioni mwalimu anayeamkiwa.

Milima yetu ilikwisha kulipa gharama ya elimu isiyouliza. Kuanzia mwaka 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Wataalamu hawakusema uongo. Lakini katika miteremko mingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuchimba matuta kulifukua udongo mkavu wa chini ukaja juu. Kazi ilikuwa ya shuruti, na wanawake ndio walioinama zaidi. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Huko Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza na waliona faida yake kwa macho, matuta ya ngazi yalipokelewa vizuri zaidi. Somo lilikuwa moja. Lililotofautiana ni kama mwenye shamba aliulizwa.

Ninayaeleza haya yote kwa sababu mwaka 2023 nilialikwa kwenda kusoma mashairi katika kikundi cha vijana karibu na Mzumbe, nami nilikwenda kwa mashaka. Nimehudhuria semina nyingi za vijana. Nazijua fulana zenye maandishi kifuani, mabango yanayotundikwa kwa picha moja, na karatasi ya kusaini posho ambayo husomwa kwa makini kuliko mada yoyote. Mradi ukimalizika, bango hugeuka turubai la kuanikia mpunga. Sisemi kwamba fedha ni haramu. Kijana naye ana tumbo, na kula ni haki. Nasema tu kwamba programu inayomjia kijana na majibu, kisha ikamtuma akayagawe kwa wazee, inamfanya awe vile nilivyokuwa mimi mwaka 1985.

Niliyoyakuta yalikuwa madogo. Vijana kama kumi, baadhi wanafunzi wa chuo, wengine waendesha bodaboda na binti mmoja muuza mboga, hukutana na wazee kila Jumamosi katika darasa la shule ya msingi. Waliniambia kwamba siku ya kwanza hawakuandika *a e i o u*. Waliwauliza wazee swali moja: “Karatasi gani iliwahi kukuumiza?” Juma lililofuata wazee walikuja na mifuko ya plastiki. Zilitoka hati za mauziano, kadi za kliniki, mikataba ya ile mikopo ambayo watu wameibatiza *kausha damu*, na simu zenye ujumbe wa fedha uliopokewa na kutolewa pasipo mwenyewe kujua. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu vyao vya kiada.

Jumamosi niliyokuwapo walikuwa wakisoma habari za hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo yatamka kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mama mmoja wa makamo aliuliza: “Na ardhi ya ukoo wa mama je, iandikwe jina la nani? Ukiandika langu, dada zangu watakwenda wapi?” Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akieleza alifungua mdomo, akaufunga. Akasema, “Hilo silijui, mama. Hebu wazee mtueleze kwanza ilikuwaje zamani.” Majadiliano yalichukua saa mbili, na hayakwisha. Walikubaliana kumwita ofisa ardhi, wakaandika maswali yao kwanza ili yeye asije na hotuba. Maswali aliyaandika yule mama wa makamo, kwa herufi kubwa zenye kuyumba, vijana wakimtajia tahajia pale tu alipoomba.

Lakini lililonishika zaidi lilitokea kabla ya hayo. Wazee walipokuwa wakiingia, yule binti muuza mboga alisimama mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu. Alimwamkia kila mmoja, peke yake, kwa kupiga goti kidogo: shikamoo babu, shikamoo mama, shikamoo bibi. Walimwitikia mmoja mmoja, wengine wakamgusa kichwani, ndipo wakaenda kukaa, naye akaenda ubaoni. Nilimuuliza baadaye nani aliyemfundisha kufanya hivyo. Alinishangaa. Akaniuliza kwani kuna namna nyingine?

Zamu yangu ilipofika nilishindwa kusoma mashairi niliyokuja nayo. Niliwasimulia habari za mwembe, za kura na kula, na za kishamba cha migomba. Walinisikiliza kimya. Mzee mmoja aliuliza kama shamba lilirudi. Nikamwambia halikurudi, na sasa imesimama nyumba juu yake.

Kikongwe mmoja aliyekaa benchi la mbele, pengine rika la mama yangu, akasema, “Basi ingia, baba, usisimame mlangoni.” Hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote nilikuwa nikizungumza nikiwa nimeegemea kizingiti. Nikamwendea, nikasema, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikaenda kukaa benchi la nyuma, na somo likaendelea.